Sura ya Sita: Marehemu wa Chumba cha Kompyuta

Marehemu alikuwa amekufa mara nyingi mno hata jamaa zake walichoka kumlilia. Alikufa Jumatatu kabla ya sala ya mchana, akafufuliwa. Akafa tena watu wakiwa mezani, akafufuliwa na mtu mwenye mchuzi wa sombe kidoleni. Jumanne alikata roho katikati ya somo la jiografia, bila hata kuuheshimu mto Lufira, ambao mwalimu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuuchora ubaoni.

Hakuwa mtu. Alikuwa hifadhidata ya shule ya bweni iliyo kwenye njia ya Shituru, mjini Likasi. Ile base, kama wenyewe wanavyoiita, iliyobeba pointi za kila mwanafunzi. Wazazi wa Kolwezi na Lubumbashi waliifungua kwenye tovuti ya shule ili wajue kama watoto wao wanasoma au wanakula tu bukari ya masista. Tangu Pasaka walichokiona mara nyingi ni ukurasa mweupe wenye maneno mekundu, na maneno hayo hayakuwa pointi.

Inspecteur Kabedi alishuka kwenye pikipiki mbele ya lango, akakung'uta vumbi kwenye sketi yake ya kazi, akaingia. Polisi ya upelelezi ilimtuma yeye kwa sababu moja. Zamani kidogo alikwenda Lubumbashi kusomea mambo ya kompyuta, akarudi na cheti chenye muhuri. Tangu siku hiyo kila simu iliyoibwa, kila printa iliyogoma na kila redio ya mkubwa iliyokohoa ililetwa mezani pake. Base iliyouawa ilikuwa jambo jipya, na Kabedi alilichukulia kwa uzito wote unaostahili msiba.

Mkuu wa shule, Préfet Casimir, alimngoja barazani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye tai iliyofungwa kwa imani kubwa.

"Mama Inspecteur, karibu. Mushitakiwa iko mu bureau yangu. Nilimuketisha pale tangu asubuhi. Inabakia tu weye kumubeba."

"Jambo, Papa Préfet."

"Ah! Jambo, jambo sana. Pardon. Habari ya nyumbani?"

"Muzuri. Na marehemu iko wapi?"

"Marehemu gani?"

"Base. Minye ninaonaka marehemu mbele. Mushitakiwa anaweza kungoja."

Njiani kuelekea chumba cha kompyuta, Préfet alimweleza kesi yake, na ilikuwa kesi safi kama shati la Jumapili. Mshitakiwa aliitwa Parfait, mwalimu kijana. Tangu Pâques, yaani Pasaka, alipewa ufunguo wa chumba. Tangu Pâques base inakufa. Na kila inapokufa, watu wakifika wanamkuta yeye, amekaa mbele ya seva, mikono juu ya vibonyezo.

"Mara moja tungesema ni bahati mbaya," alisema Préfet. "Lakini kila mara? Inspecteur, kikulacho kiko mu nguo yako. Plainte nilishaiandika: sabotage. Kama unatoka humu bila jibu ingine, mbele ya kengele ya chakula minye naweka signature."

Kabedi alijua njia ya karatasi za mashtaka za namna hiyo. Zikisainiwa, kijana halali kwake. Anapelekwa parquet, kwa waendesha mashtaka, na kutoka parquet, watu wa Likasi hawahitaji kuambiwa barabara ya gereza la Buluo inaanzia wapi. Hata akirudi salama, hakuna shule kati ya hapa na Kolwezi itakayompa tena kipande cha chaki.

Préfet alifungua mlango kwa ufunguo aliomnyang'anya Parfait asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika. Katika chumba cha kompyuta mashine zilikaa kwenye mistari, vioo vyao vyeusi, kama watawa kwenye mafungo. Nusu yake zilikuwa kuukuu. Nusu nyingine ziling'aa, bado na vibandiko vyao. Mwisho wa chumba palikuwa na kabati la mbao lililowahi kutunza vitambaa vya altare. Humo ndimo ilimoishi seva, sanduku dogo jeusi lililolishwa na betri ya paneli za juu ya bati. Umeme ukatike usikatike, yeye alikuwa macho.

Kabedi aliketi, akaifufua base, akaingoja itulie. Kisha, mbele ya macho ya Préfet, akaisimamisha.

"Mama! Weye pia?"

"Tulia, Papa. Angalia hapa." Alifungua jarida la base, ambamo mashine huandika yenyewe kila inalofanya, akaonyesha mistari ya mwisho. "Nimeisimamisha kwa mukono. Unaona? Inasema imepata amri, inafunga ba table yake moja moja, inasema imemaliza. Inaaga kama muntu mwenye adabu."

"Bon. Na zile siku zingine?"

Kabedi aliifufua tena, kisha akapanda juu kwenye jarida, kifo baada ya kifo. Kila mara ilikuwa vilevile. Mstari ulikatika katikati ya neno, kama mtu aliyedondokewa na tofali akisimulia habari, kisha mstari uliofuata ulikuwa wa kufufuka.

"Haikuaga," alisema Kabedi. "Hata mara moja. Hakuna muntu aliiambia simama."

Préfet aliwaza. "Donc alimukaba shingo."

"Ao serveur yote ilizimika, base ikazimika nayo."

Mlangoni palisikika sauti kama ya birika linaloanza kuchemka. Sœur Angèle, mtunza mali wa shule, mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa funguo, alikuwa amesimama pale na kitambaa machoni.

"Ni minye," alisema. "Muache mutoto wa batu. Ni minye njo niliua."

Préfet alishika mlango. Kabedi alivuta kiti.

"Keti, ma sœur. Uliua namna gani?"

"Na pasi."

"Pasi?"

"Prise ya buanderie, pale tunafulia, iliungua. Sasa kila courant ikirudia, Parfait akishafungua, nakuyaka humu pole pole, napigia ba voile ya kichwa ya ba sœur pasi pale nyuma ya kabati. Na kila nikipiga pasi, nasikia bana banalia: base imekufa! Nilisema nitaungama ku padri mbele. Lakini padri alienda Kambove."

"Ba voile ngapi?" aliuliza Préfet kwa mshtuko, kana kwamba hukumu ingetegemea idadi.

Kabedi hakucheka. Alifuata waya wa pasi kwa kidole mpaka ukutani, kisha waya wa seva mpaka kwenye betri. Hazikukutana popote. Alirudi akaiuliza seva swali moja fupi: umekuwa macho tangu lini? Seva ikajibu.

"Ma sœur, hii serveur haikulala hata mara moja tangu Noeli. Kama pasi yako ingeizima, ingeamuka upya, na ingesema. Enda na amani. Ba voile yako haina damu."

Sœur Angèle alikaa palepale. Amani alikuwa ameipata, lakini sasa alitaka kujua mwisho.

Base haikuaga, na nyumba haikuanguka. Basi iliuawa ndani ya nyumba, nyumba ikiwa imesimama. Kabedi aliliacha jarida la base akafungua la seva yenyewe, mahali ambapo watu wengi hawafiki kwa sababu linachosha kuliko hotuba ya harusi. Alitafuta dakika za kifo cha Jumatatu. Palikuwa na mstari mmoja mkavu: mémoire, kumbukumbu ya mashine, imeisha, mchakato mmoja umeuawa. Na jina la aliyeuawa lilikuwa pale, limeandikwa bila haya. Alitazama Jumanne, akatazama jana. Mstari uleule.

"Tumemupata," alisema.

"Nani?" Préfet aliinama mpaka tai ikagusa kibodi.

"Mu kila serveur muko mulinzi. Mémoire ikiisha, batu wote mule ndani wanaweza kufa. Sasa mulinzi anaangalia nani anakula mingi kupita wengine, anamuua yeye, ili nyumba isianguke. Humu mwenye kula mingi njo base."

"Mulinzi huyo jina yake nani?"

"Noyau. Ni kiini ya serveur."

"Noyau nani? Post-nom?"

"Haina post-nom, Papa Préfet."

"Hm." Préfet hakupenda watu wasio na post-nom, lile jina la pili la ukoo. "Na nani alimutuma?"

"Hakutumwa. Alifanya kazi yake. Muntu wa kutafuta ni yule mwenye kuleta wageni wengi mpaka chakula ikaisha." Kabedi alifungua jarida la tovuti, akasoma wageni wa dakika ya mwisho kabla ya kila kifo. Walikuwa wengi, wote wamepiga hodi karibu kwa pumzi moja. Na hakuna hata mmoja aliyetoka Kolwezi au Lubumbashi. "Wote wametoka humu ndani ya shule."

"Humu ndani!" Préfet alipiga makofi mara moja. "Si nilisema? Twende mu bureau."

Préfet alifunga mlango kwa ufunguo, na Sœur Angèle akawafuata, funguo zikilia kiunoni.

Parfait alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, chaki kwenye mkono wa shati, miwani imeteleza puani. Kabedi alikaa mbele yake. Préfet alisimama nyuma ya meza, mkono wa kuume wa haki.

"Kazi yako?"

"Mwalimu wa hesabu, mama. Na informatique, tangu Pâques. Yule wa mbele alienda kutafuta maisha Kolwezi. Banasema: Parfait, weye uko na lunettes, ingia." Aligusa miwani.

"Weye uliisimamisha base?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Mama, ile base minye naiogopa kama belle-mère, mama mukwe. Naifufua tu."

"Unaifufua namna gani?"

"Yule wa mbele aliniachia neno moja ya kuandika. Naandika, inaamuka. Neno ya pili hakuniachia."

"Juu ya nini kila mara ikikufa, weye uko pale?"

Parfait alisukuma miwani juu. "Minye naishi ku cité ya Shituru. Courant ikirudia, quartier yote inapiga kelele, nasikia, nakimbia. Njo kusema nakimbia kweli, mama, hata na kiatu moja. Juu courant inaweza kuenda tena. Nikitembea, bana wa sixième batafanya examen ya informatique bila kugusa machine. Batajua souris, ile panya ya machine, kwa kuchora."

"Na ukifika?"

"Naikuta imekufa. Naifufua. Inakaa kidogo, inakufa tena. Naifufua. Bana banasema monsieur iko nganga."

"Umesikia!" Préfet aliruka. "Anakubali mwenyewe! Anakuwaka pale kila mara!"

"Papa Préfet, hata padri anakuwaka pale ku kila matanga. Hatumufunge."

Sœur Angèle alifanya ishara ya msalaba, lakini mdomo wake ulikuwa unatabasamu.

"Kuna muntu mwingine mwenye kugusa ile serveur?" Kabedi aliendelea.

"Ufunguo ni moja," alisema Parfait kwa sauti ndogo. "Ilikuwa na minye mpaka leo asubuhi. Naelewa, mama. Kama ningekuwa Papa Préfet, minye pia ningenishitaki."

Neno hilo lilimsumbua Préfet kuliko kama angekana. Alipanga upya kalamu ambazo zilikuwa zimepangika.

Ndipo shule nzima ilipolia.

Ilikuwa sauti ile ambayo kila mtu wa mji huu anaijua kabla ya kujua jina lake mwenyewe: "Eeeeh! Courant!" Ilianza mabwenini, ikapita jikoni, ikavuka uwanja, na hata mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye adhabu ya kupiga magoti nje ya darasa la tatu aliinua mikono na kushangilia, kisha akakumbuka hali yake. Balbu ya ofisini ikawaka. Parfait alikuwa ameshanyanyuka nusu, miguu yake ikikimbia bila ruhusa.

"Keti!" alisema Kabedi. Aliinua mkono. "Hakuna muntu anatoka. Papa Préfet, unamuona Parfait?"

"Namuona."

"Iko wapi?"

"Mbele yangu."

"Usimupoteze. Sasa twende wote, pole pole, kama procession."

Wakaenda kama procession kweli, Kabedi mbele, Parfait katikati, Préfet akimshika mkono wa shati kwa vidole viwili, na Sœur Angèle akifunga safu. Kabedi alifungua mlango kwa ufunguo aliopewa na Préfet. Mashine zote zilikuwa zimeamka, zinang'aa mstari hadi mstari, na kwenye kila kioo palikuwa na ukurasa mweupe wenye maneno mekundu. Kabedi aliliendea jarida. Mstari mkavu ulikuwa umeongezeka, bado wa moto.

"Imekufa," alisema. "Sasa hivi. Na muntu wako ulikuwa unamushika."

Préfet hakuwa mtu wa kuanguka kwa kofi moja. "Alitega kitu. Sumu inaweza kunyweka asubuhi ikaua mangaribi."

"Hiyo neno iko na akili," alisema Kabedi, na hakuwa anamsifu bure. Katika kazi yake alishaona hivyo. Alitembea katikati ya mistari, mikono nyuma. "Nani aliamusha hizi machine? Mulango ilikuwa imefungwa."

"Ah, hizo?" Uso wa Préfet ulifunguka. "Zinaamuka zenyewe. Hiyo ni idée yangu."

"Nielezee."

"Mama, kwako nyumbani, courant ikienda, unazimaka switch ya taa?"

"Hapana. Tunaiachaka. Ikiwaka, tunajua courant imerudia."

"Voilà. Kila nyumba ya Likasi ni hivyo. Sasa kisha Pâques tulipata hizi machine mupya, zawadi. Nikajisemea, courant yetu ni mugeni wa haraka. Bana wakingoja kuamusha machine moja moja, mugeni anaenda. Nikaambia mwenye kuziweka: zote zibakie kama taa. Courant ikirudia, ziamuke. Na ya mupya na ya zamani. Na kila moja, mbele ya kitu ingine yote, ifungue page ya shule, ku cotes, zile pointi, na ijifungue tena na tena, ili isikuwe ya zamani. Bana bakiingia, bakute kila kitu tayari." Alinyoosha tai. "Hakuna shule ingine iko na hiyo."

"Kweli," alisema Kabedi. "Hakuna."

Parfait alifungua mdomo, akaangalia mashine, akaangalia seva, akaufunga. Kabedi alikwisha kumwona.

"Papa Préfet, nisaidie kidogo. Nataka tujaribu ile maneno ya sumu. Parfait asiguse kitu. Nataka kazi ifanywe na muntu ambaye hakuna muntu anaweza kumufikiria vibaya."

"Niko tayari," alisema Préfet, na kwa kweli alikuwa tayari.

Sœur Angèle alimchukua Parfait, akamsimamisha karibu na mlango, akamshika mkono kama mama anayevuka barabara na mtoto. Kabedi alikwenda ukumbini, akashusha disjoncteur, swichi kuu ya umeme wa chumba. Vioo vikafa vyote. Kisha alizunguka na Préfet nyuma ya mashine, wakizima switch ya kila moja. Préfet alizizima kwa huzuni, kama mtu anayefumba macho ya wapendwa. Kabedi akaifufua base, akaipandisha disjoncteur.

Hakuna kilichoamka. Taa za dari ziliwaka, feni ya seva ikapiga mluzi wake mdogo. Kabedi alifungua ukurasa wa shule kwenye simu yake. Pointi zikaja, zote, zimepangwa vizuri, pamoja na sifuri moja ya kemia iliyokuwa ya mtoto wa Préfet mwenyewe, ambayo Kabedi aliipita haraka kwa heshima.

"Courant iko. Base iko muzima," alisema. "Kama iko sumu, haijafanya kazi. Sasa, Papa, amusha machine. Moja moja."

Préfet alianza na mstari wa mbele. Alibonyeza kila mashine kwa kidole kimoja, polepole, kama askofu anayetoa kipaimara, na kila moja ilipoamka na kufungua ukurasa wa shule, alitikisa kichwa kuipokea katika ukoo. Mstari wa kwanza ukajaa pointi. Aliingia wa pili.

"Inakula namna gani?" aliuliza Parfait kutoka mlangoni, hakuweza kujizuia.

"Inakula," alisema Kabedi, macho kwenye kioo cha seva. "Endelea, Papa."

Mstari wa tatu ulikuwa wa mashine mpya. Feni ndani ya kabati iliacha mluzi ikaanza kunguruma. Kwenye vioo vya mbele, kurasa zilijifungua upya, zikajifungua tena, kila moja ikigonga mlango uleule mdogo. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwa na seva.

"Mémoire imebakia kidogo," alisema Kabedi. "Endelea."

Préfet alifika mstari wa mwisho, ule wa dirishani, ambako bomba refu la kiwanda cha Shituru linaonekana. Alibonyeza. Kioo kikawaka. Picha ya kanisa la shule ikaanza kujichora kutoka juu, msalaba kwanza, kisha paa; haikufika mlangoni. Maneno mekundu yakaja. Préfet akageuka. Nyuma yake, kioo baada ya kioo, mstari baada ya mstari, chumba kizima kilikuwa kinageuka chekundu.

Kabedi aligeuza kioo cha seva ili wote wasome mstari mkavu.

Préfet Casimir alitazama kidole chake. Alikitazama kwa muda mrefu, kana kwamba amekipata mahali fulani na anamtafuta mwenye mali.

"Minye?" alisema.

"Mbele ya hizi mupya kuja, nyumba ilikuwa inatosha wageni," alisema Kabedi. "Sasa wageni wamezidi, na wote wanaingia pamoja na courant. Parfait pia anaingia pamoja na courant. Njo maana kila mara ulimukuta ku matanga."

Préfet alifungua mkoba wake, akatoa ile plainte, akaiweka juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja.

"Andika jina yangu," alisema. "Sheria ni sheria. Pale kwenye Parfait, weka Casimir."

"Kosa gani?"

"Iko imeandikwa. Sabotage."

"Sabotage inaombaka nia mubaya. Weye ulikuwa na nia gani?"

"Bana... Bana bakute cotes tayari."

"Hiyo haiko mu code pénal, Papa Préfet."

Alibaki ameinama juu ya karatasi. Huyu ndiye mtu aliyehutubia kila asubuhi kwenye mstari, aliyeweza kuzungumzia soksi mpaka kifungua kinywa kikapoa. Aliikunja plainte mara mbili, akaipasua, akakosa mahali pa kuweka vipande, akavitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Monsieur Parfait," alisema. Akakohoa. "Monsieur Parfait, asubuhi, mbele ya ba professeur wote, nilikuita..."

"Sema tu, Papa," alisema Sœur Angèle. "Minye niliungama juu ya pasi, sikufa."

"Unisamehe, mutoto yangu. Na kesho ku mustari, mbele ya shule yote, nitasema tena. Muzuri zaidi. Leo sina maneno."

Parfait alivua miwani, akaifuta kwa shati lenye chaki, ikazidi kuchafuka. Sœur Angèle alikuwa bado hajamwachia mkono.

"Ma sœur," alisema Parfait, "niachilie, nifanye kazi."

Aliketi mbele ya seva. Kabedi alisimama begani pake akamwonyesha mahali, kwenye mipangilio ya tovuti, palipoandikwa wageni wangapi wapokewe kwa mara moja. Mtu aliyeiweka zamani alikuwa mkarimu kupita kiasi, ameandika namba ya jiji. Parfait alifuta, akaandika namba ya familia.

"Na wengine?" aliuliza Préfet.

"Banangoja inje kidogo," alisema Parfait. "Kama ku communion. Kila muntu atapata, lakini si wote mara moja."

Akaandika lile neno moja aliloachiwa. Base ikaamka. Kwenye vioo, wekundu ulianza kuondoka. Mashine moja ikapata pointi, kisha nyingine, kisha mbili, bila haraka, mpaka ile ya dirishani ikamaliza kuchora kanisa lake hadi mlangoni. Walingoja. Feni ilinguruma, ikafikiri, ikarudi kwenye mluzi. Waliendelea kungoja, na Sœur Angèle alikuwa amefika fumbo la tatu la rozari, na marehemu alikuwa bado hai.

Parfait alitazama balbu ya dari, kisha saa ya ukutani, kisha Préfet.

"Papa, courant iko bado. Lakini itaenda. Niite bana wa sixième?"

"Hapana," alisema Préfet. "Weye bakia na machine."

Akatoka. Kwanza alitembea, kwa sababu mkuu wa shule hutembea. Walipochungulia dirishani alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, tai begani, anakimbia kuelekea kengele kwa mwendo ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuona, na madarasa yote yalikuwa yamesimama juu ya madawati kumshangilia.